Barua kwa mwanangu: kitengo kinauzwa, usisaini kwa pupa

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka Morogoro. Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Nimesoma tangazo ulilonitumia, lile lililobandikwa kwenye ubao wa kiwanda, kwamba kitengo chenu cha vifungashio kimekuwa kikipata hasara na sasa kinapewa mwekezaji mpya. Najua usingizi umepungua. Najua pia kwamba wiki hizi ndizo ambazo watu huitwa ofisini mmoja mmoja na kuwekewa karatasi mezani. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu, uwe na kitu cha kurudia kusoma kabla hujaingia huko ndani.

Kubwa kuliko yote: usiandike wala kusaini karatasi yoyote inayosema umeacha kazi kwa hiari yako. Haijalishi ni nani kakushauri, wala kama umeahidiwa kwamba mwenye mali mpya atakuajiri kesho yake. Aliyepunguzwa kazini ana haki ya kiinua mgongo, malipo ya mwajiri kwa miaka aliyomtumikia. Kule NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaokatwa kwenye mshahara, mwanachama mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18 na asiyefika umri wa miaka 55 hupata fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyejiuzulu hapati fao hilo. Barua ya mistari mitatu, ambayo mara nyingi huletwa ikiwa imeshachapwa na inasubiri jina lako tu, inakufungia milango hiyo miwili kwa mpigo.

Pili, uliza kinachouzwa ni nini hasa. Zikiuzwa hisa za kampuni, mwajiri wako anabaki yuleyule kisheria, hata kama wenye hisa wamebadilika. Mkataba wako unaendelea na miaka yako inaendelea. Lakini kitengo kwa kawaida si kampuni, kwa hiyo kinachouzwa huwa mashine, ghala, akiba ya malighafi na orodha ya wateja. Wewe si mashine. Mkataba wako hauwezi kuhamishiwa kwa mtu mwingine bila ridhaa yako, na mpaka uridhie, mwajiri wako ni yule anayeuza. Kuna njia ya tatu inayowapita wengi. Muuzaji husajili kampuni ndogo kwanza, anahamishia kitengo humo, kisha anauza hisa za hiyo kampuni ndogo. Barua ya uhamisho huja miezi kadhaa kabla ya mauzo, na watu wanaisaini wakidhani ni mambo ya ofisi tu. Kama mmeshapewa barua ya namna hiyo, itafute leo uisome upya.

Ukipewa mkataba na mnunuzi, macho yaende kwanza kwenye tarehe ya kuanza kazi. Hapo ndipo miaka yako tisa inapookolewa au kupotea. Kama muuzaji amekulipa kiinua mgongo na stahili zako zote, kuanza upya ni halali. Kama hajakulipa, na mkataba mpya unaonyesha umeanza mwezi huu, basi umekuwa mgeni kazini. Kwa miezi 6 ya kwanza kwa mwajiri mmoja, sheria haikupi kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, na kiinua mgongo hakipatikani mpaka utimize miezi 12. Kwa hiyo dai lolote kati ya mawili: fedha mkononi kutoka kwa muuzaji, au kifungu kwenye mkataba mpya. Maneno yanaweza kuwa hivi: "Utumishi wa mfanyakazi kwa mwajiri wa awali, kuanzia tarehe fulani, utahesabiwa kuwa utumishi usiokatika kwa mwajiri huyu kwa madhumuni ya likizo, notisi na kiinua mgongo." Tarehe iandikwe, na wote wawili wasaini, muuzaji na mnunuzi. Ahadi ya meneja mkutanoni haitoshi.

Ila usikatae tu kazi mpya kwa hasira. Ukikataa kazi mbadala bila sababu ya msingi, hata kama ni kwa mwajiri mwingine, unaweza kupoteza kiinua mgongo. Kama mshahara umeshuka au kituo cha kazi ni mkoa mwingine, kataa kwa maandishi, eleza sababu, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Sasa kuhusu kupunguzwa kwenyewe. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapokusudia kupunguza watu, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na wafanyakazi kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, lini, na malipo. Kama TUICO, chama cha wafanyakazi, ndicho kinachotambuliwa kiwandani kwenu, mashauriano yatapitia kwao, lakini wasiowakilishwa na chama chochote nao lazima washirikishwe. Neno la kushika hapo ni kukusudia. Mkiitwa Ijumaa mkakuta majina yameshachapwa, hayo si mashauriano, ni matangazo. Semeni hivyo palepale, na muombe iingie kwenye muhtasari wa kikao. Ulizeni kwa nini watu wasihamishiwe vitengo vingine, kwa nini saa za ziada zisisimamishwe kwanza, na kama kuna wanaotaka wenyewe kuwa miongoni mwa watakaopunguzwa. Kigezo kinachozoeleka ni aliyeingia mwisho kutoka kwanza, huku wakibakizwa wenye ujuzi muhimu. Cheti chako cha VETA kiwe ndani ya faili lako la utumishi. Kikibaki kabatini kwako nyumbani, hakuna atakayekihesabu.

Nina jambo linalonisumbua sana kuhusu vikao hivi: karatasi ya mahudhurio. Mnasaini kwamba mmefika, kisha karatasi hiyohiyo inabanwa pini nyuma ya "makubaliano" ambayo hamkuwahi kuyaona. Ukisaini, andika pembeni ya jina lako "mahudhurio tu" pamoja na tarehe. Ukiweza, piga picha.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa watu wanapunjwa bila hata nia mbaya. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na mwisho ni miaka 10. Wewe una miaka 9 na miezi 8, kwa hiyo inahesabika 9. Mshahara wako wa msingi ni shilingi 780,000, posho hazimo. Ofisi nyingi hugawa kwa 30 na kupata 26,000 kwa siku. Sivyo. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara siku unazofanya kazi kwa wiki. Wewe unafanya siku 6, hiyo ni kama 26, kwa hiyo siku moja ni shilingi 30,000. Mara 7 ni 210,000, mara 9 ni 1,890,000. Kwa hesabu ya 30 ungepewa 1,638,000, yaani pungufu ya 252,000. Mwenzako wa ofisini mwenye mshahara huohuo anayefanya siku 5 kwa wiki, siku yake ni kama 36,000, naye asikubali kugawiwa kwa 26.

Juu ya hicho kiinua mgongo kuna mshahara wa siku ulizofanya kazi, notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake, likizo ambayo hukuchukua, na likizo ya mzunguko wa mwaka ambao haujaisha, siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Ukiwa umefanya siku 130 tangu mzunguko uanze, hizo ni siku 10, yaani 300,000. Tena wewe uliajiriwa Morogoro ukapelekwa Dar es Salaam: unastahili kusafirishwa na mizigo yako hadi hapa au kulipwa gharama hiyo, pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku unazosubiri. Dai na cheti cha utumishi. Halafu someni mkataba wenu wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi huingia na mwajiri, maana unaweza kuwa na viwango vya juu kuliko vya sheria, na cha juu ndicho kinachoshika. Kodi itakatwa, usishtuke.

Wiki hii, kabla lolote halijatokea, chukua taarifa ya michango yako NSSF ulinganishe mwezi kwa mwezi na hati zako za mshahara. Kampuni inayopata hasara mara nyingi huanza kwa kukata mchango na kuchelewa kuupeleka. Ni rahisi kudai wakati ofisi bado ina watu. Angalia pia bima iliyo kwenye mkopo wako wa benki: baadhi hulipia marejesho mtu akipunguzwa kazini, lakini huwa na muda wa kutoa taarifa.

Siku ya malipo utaletewa fomu inayosema umepokea haki zako zote na huna madai. Kama hesabu haijatimia, andika kwa mkono wako juu ya sahihi: "Nimepokea kiasi hiki bila kuacha haki ya kudai kilichopungua." Wakikataa, omba siku moja uniletee nakala.

Na ikifika kwenye mgogoro, unakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Fomu Na. 1. Huduma yao hailipiwi. Madai ya kuachishwa kazi yana siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, na mengine siku 60. Mwajiri akikwambia "subirini, tunalishughulikia," siku zinaendelea kuhesabika, na wengi wamekwama hapo. Jaza pia Sehemu B, ile ya walioachishwa kazi, kwa kueleza kasoro ya sababu na kasoro ya utaratibu kila moja mahali pake. Mpelekee mwajiri nakala na uhakikishe amesaini kuipokea, kwani bila uthibitisho huo tume haitaendelea na shauri lako.

Barua yoyote watakayokupa, nitumie picha siku hiyohiyo, kurasa zote, pamoja na bahasha kama ina tarehe. Mkataba wako wa kwanza uko kwenye sanduku la baba yako. Nimeutoa, nitaupeleka stendi kesho asubuhi kwa basi la saa mbili.

Nakupenda, mwanangu.

Mama yako