Barua ya wazi kwa Waziri wa TEHAMA: ubao uliokuwa ukinikimbia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa TEHAMA na Mwongozo wa Kitaifa,
Kampala.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa nimeinamia kompyuta, pua ikikaribia kugusa skrini. Ndivyo ninavyosoma tangu darasa la kwanza. Nilizaliwa na ualbino: macho yangu hayavumilii mwanga mkali, mboni hazitulii, na herufi ya kawaida ya kitabu naiona nikiisogeza mpaka ibaki upana wa kiganja kutoka usoni. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Busia, upande wetu wa mpaka na Kenya. Wanafunzi wameshazoea kumwona mwalimu wao akisahihisha madaftari kama anayanusa.

Muhula uliopita tuliletewa miwani ya uhalisia pepe, kumi na miwili, kila mmoja ndani ya sanduku lake jeusi. Walioileta sitawataja, walikuja kwa nia njema na chapati tulikula pamoja. Miwani hii ni maabara, wakatueleza. Mwanafunzi anaivaa kichwani, anajikuta amesimama ndani ya moyo wa binadamu, au anachanganya kemikali bila kuunguza meza ya serikali. Wanafunzi waliibatiza siku hiyohiyo jina la miwani ya mapepo, na mlinzi wa geti akakataa katakata kuijaribu.

Mimi nilijaribu. Kwanza giza, halafu mwanga mweupe ulionichoma, halafu mbele yangu pakatokea ubao wenye menyu. Niliona kwamba pale pana maandishi; yanasema nini, sikuona. Nikafanya nilichofanya maisha yangu yote: nikasogeza kichwa mbele. Ubao ukasogea nyuma. Nikapiga hatua, nao ukarudi hatua. Nikapiga ya pili nikagonga dawati, darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana nilijua wanachokiona ni mtu mzima anayekimbiza hewa.

Baadaye fundi alinieleza kwamba ubao ule umefungwa kwenye kichwa cha mvaaji. Unakoelekea nao unaelekea, umbali uleule. Aliyeutengeneza alitaka mtu asiupoteze, na kwa wengi hilo ni jambo jema. Hakukumbuka kwamba wapo wasomaji ambao njia yao pekee ya kusoma ni kukaribia.

Nikamuuliza: herufi zinakuzwa? Hapana. Mwanga unapunguzwa? Hapana. Inasoma kwa sauti? Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe kaa tu, wanafunzi watakusimulia."

Mheshimiwa, maneno hayo nayajua. Niliambiwa hivyohivyo kidato cha pili kwenye maabara ya kemia, wenzangu walipokuwa wakitazama rangi ikibadilika ndani ya mrija. Kaa tu, watakusimulia. Nakipenda Kiswahili, na kimenilisha mimi na wanangu, lakini sikukichagua peke yangu. Nusu ya uchaguzi ule ilifanywa na mirija.

Shuleni kwetu yupo pia msichana wa kidato cha tatu asiyeona kabisa. Naye alitaka kuvaa, na sikuona sababu ya kumnyima. Wakamwekea ule moyo. Ulikuwa ukidunda, lakini mdundo ulitoka pande zote sawasawa, kama redio iliyowekwa katikati ya kichwa. Akazunguka mara mbili akauliza, "Sasa moyo wenyewe uko wapi?" Hakupata jibu. Fundi, nadhani kwa aibu, akafungua programu nyingine ambayo haikuwa hata sehemu ya somo: barabara ya mji fulani wa ng'ambo. Pikipiki ikapita. Nilimwona binti anageuza shingo polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka mabega nayo yakageuka. "Hiyo boda imenipita nyuma, ikaenda kule," akasema, akanyosha kidole. Fundi akaangalia skrini yake. Kule kule.

(Sisi watu wa Busia, kama unavyojua Mheshimiwa, ndio tuliolizaa neno boda boda, tulipokuwa tukibebana kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Kwa hiyo binti yule kuitambua kwa mlio si ajabu. Ajabu ni kwamba mashine ilimruhusu.)

Hapo hapakuwa na uchawi. Mlio unaotoka kushoto hulifikia sikio la kushoto punde kidogo kabla ya la kulia, tena ukiwa na nguvu zaidi. Programu huiga tofauti hiyo, na kwa kuwa miwani inajua kichwa kimeelekea wapi, hurekebisha sauti kila unapogeuka. Kifaa kilikuwa kilekile, saa ileile. Programu moja ilimwacha binti nje, nyingine ikamwingiza.

Nimekuwa nikisoma juu ya mambo haya tangu siku ile, usiku, watoto wakishalala, na kilichonikera zaidi ni kugundua kwamba dawa ipo tangu zamani. Mwaka 2018 watafiti wa Microsoft walionyesha fimbo ya kushikwa na mtu asiyeona ndani ya uhalisia pepe. Fimbo hiyo ina breki iliyofungwa kiunoni: ikigusa ukuta ambao haupo, inakwama mkononi kama imegusa ukuta kweli, ukiiburuza sakafuni inatetemeka kulingana na aina ya sakafu, na mlio wa mguso unausikia pale ncha ilipo. Fikiria mtoto wa hapa kwetu anajifunza kuvuka barabara kwa fimbo ya namna hiyo kabla hajakutana na malori yetu yanayosubiri kuvuka mpaka.

Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ilileta kitu walichokiita SeeingVR, zana 14 za watu wenye uoni hafifu: lenzi ya kukuza, ya kuongeza mwanga, ya kukoleza tofauti ya rangi, mistari inayochora kingo za vitu, sauti ya kusoma maandishi, na nyingine. Zana tisa kati ya hizo zinaweza kupachikwa juu ya programu iliyokwisha kutengenezwa, bila kuhitaji msimbo wake, yaani yale maagizo ya ndani aliyoyaandika mtengenezaji. Kwa lugha ya sokoni: hata bidhaa mbovu iliyokwisha nunuliwa inarekebishika. Na mwaka 2021 W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti duniani, walichapisha waraka mzima unaoeleza mahitaji ya watu wenye ulemavu katika uhalisia pepe na uhalisia ongezwa, ule unaoweka picha za kompyuta juu ya dunia unayoiona. Waraka huo unasomwa bure.

Kuna Apple nao. Miwani yao ya Vision Pro ilipoingia sokoni Marekani Februari 2024 tayari ilikuwa na kisoma skrini, kinachotaja kwa sauti kilichoandikwa, na kikuza ndani yake. Bei yake dola 3,499, yaani zaidi ya shilingi milioni 12 zetu, kwa hiyo sikuombi uninunulie. Nataka uone jambo moja tu. Miwani ile huendeshwa kwa macho: unakitazama kitufe, ukibana vidole viwili kinachaguliwa. Macho yangu hayawezi kukitazama kitufe yakatulia. Yanatikisika yenyewe, usiku na mchana, na hakuna miwani ya kuyatibu. Lakini walioitengeneza waliweka njia nyingine: unaweza kuelekeza kwa kichwa, kwa kifundo cha mkono au kwa kidole. Mtu fulani kwenye ofisi yao alimfikiria mtu wa aina yangu kabla ya kuuza, wala sijui kama amewahi kumwona.

Tena kinachouma ni kwamba sisi wenye uoni hafifu tungekuwa wa kwanza kufaidi. Skrini iliyo sentimita chache kutoka jichoni, ambayo mwanga wake unaweza kupunguzwa, na ambayo inaweza kuukuza moyo ukawa mkubwa kama nyumba, ndiyo kitu ambacho ningekipigia magoti kidato cha pili. Wapo waliochukua miwani ya Samsung Gear VR, wakaitia programu ya kukuza, wakawauzia watu wenye macho kama yangu kwa kusomea na kutambua nyuso. Chombo kinachoweza kuwa mkongojo wetu ndicho kilichonigongesha dawati.

Sasa nakuja kwenye ombi, Mheshimiwa, nalo ni dogo. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Ibara ya 9 inazitaka nchi zihimize teknolojia ya mawasiliano ibuniwe ikiwa inafikika na watu wenye ulemavu tangu hatua za mwanzo, ili gharama iwe ndogo. Tangu mwanzo, ili gharama iwe ndogo: utadhani aliyeiandika amewahi kukaa kwenye kamati ya zabuni. Katiba yetu, ibara ya 35, inatutambua, na tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020. Sheria hazijapungua. Kilichopungua ni mstari mmoja kwenye nyaraka za zabuni.

Mstari huo useme kwamba miwani yoyote au programu yoyote ya uhalisia pepe au ongezwa itakayoingia shule ya umma, kwa fedha ya serikali, ya UCUSAF, ule mfuko wa kufikisha mawasiliano kwa wote, au ya mfadhili, iwe na maandishi yanayokuzwa na yanayokubali kusogelewa, vitufe vinavyojitaja kwa sauti, mwanga unaopunguzwa, sauti yenye upande, na njia ya kuendesha isiyotegemea macho peke yake. Iweze pia kurushwa kwenye skrini ya pembeni, ili mtu kama mimi ainamie na kusoma kwa namna yake. Muuzaji asiyeweza, bei yake isifunguliwe. Nasi tusikubali ahadi kwamba itakuja kwenye toleo lijalo. Matoleo yajayo tumeyasubiri sana.

Halafu kabla mzigo haujapokelewa, ujaribiwe na wenyewe. Chama cha Taifa cha Wasioona, UNAB, kipo tangu 1970. Chuo Kikuu cha Kyambogo kina kitivo kizima cha elimu ya mahitaji maalumu. Waiteni, wavae, wazunguke, wagonge madawati kwenye ukumbi wa wizara badala ya mbele ya wanafunzi wao. Na walipwe kama wataalamu wengine. Tumechoka kulipwa soda na cheti.

Suala la lugha nalo linanihusu kikazi. Kisoma skrini kinachozungumza Kiingereza cha Marekani kwa mtoto wa Busia ni nusu ya msaada. Sauti ya Kiswahili ya kompyuta ipo. Ile ya bure, eSpeak NG, ndiyo inayotumika ndani ya NVDA, kisoma skrini cha bure, kwenye kompyuta ninayoandikia, na ingawa inasema kama bati linaloburuzwa, inaeleweka. Chuo Kikuu cha Makerere wamekusanya sauti za Waganda kwa maelfu kwa ajili ya kuifundisha mashine Luganda. Vijana wa kituo cha ubunifu wa TEHAMA pale Nakawa, Kampala, wakipewa kazi hiyo, wataiweza. Pa kuanzia papo hata kwenye simu: Microsoft waliwahi kuwa na programu ya Soundscape, iliyomwongoza mtu asiyeona mtaani kwa sauti za masikioni, duka liko kulia, njia panda iko mbele. Waliifunga mwaka 2023, lakini msimbo wakauachia umma. Inatumia OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, na soko la Busia tutalichora wenyewe.

Mwalimu mwenzangu, mzee ninayemheshimu, aliposoma rasimu ya barua hii aliguna. "Darasa langu lina watoto themanini na madawati ishirini, wewe unaomba miwani ya mapepo isome kwa sauti?" Ana haki ya kuguna. Lakini sikuiomba miwani. Miwani imeshakuja, na nyingine zinakuja, kama zilivyokuja kompyuta, na kila safari tunaambiwa wasioona watafikiriwa baadaye. Baraza la mitihani, UNEB, huwatolea watahiniwa wasioona karatasi za nukta nundu, na haliwaambii wakae tu wenzao wawasimulie maswali. Ikiwa mtihani unaweza kuandaliwa kwa ajili ya binti yule, basi na somo linaweza.

Masanduku kumi na mawili yako stoo, ufunguo anao mwalimu wa fizikia. Ukimtuma ofisa wako, aje Alhamisi saa nane mchana, nina kipindi cha kidato cha tatu. Tutamvalisha miwani, tutamfunga kitambaa machoni, na tutamwomba atafute moyo ulipo. Binti ataketi karibu naye. Ananiuliza karibu kila wiki kama ile ya boda itarudi, nami nimemwambia nimekuandikia.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Busia, Uganda