Kabla hujasema fostroki ni mbovu

Kusi ikianza kulegea na boti zikirudi majini, maneno kwenye duka letu la mashine za boti ni yale yale: "Fundi, hii fostroki mpya ni ya karatasi. Ile tustroki yangu ya zamani haikunisumbua hata siku moja." Juzi tajiri mmoja wa Kigombe alisema mbele ya wateja kwamba tumemwibia. Tulifungua kifuniko, tukachomoa kijiti cha oili mbele yake. Oili nyeusi tii, inanuka kuungua, na imeshuka chini ya alama ya mwisho. Tangu afungiwe mashine ile, hajamwaga oili hata mara moja.

Tustroki (mashine ya mipigo miwili) kama Enduro 40 ya Yamaha, ambayo wavuvi wengi wa pwani yetu wameizoea, haina oili ya kukaa ndani. Unaichanganya kwenye petroli, inalainisha, inaungua, inatoka na moshi. Fostroki (ya mipigo minne) ina oili yake kwenye sampu, yaani bakuli la oili ndani ya mashine, na oili hiyo inachakaa. Yamaha wanataka uimwage baada ya masaa 20 ya mwanzo, kisha kila masaa 100. Wateja wetu wanahesabu miezi. Boti ya kutembeza wageni inaweza kumaliza mwaka haijafikisha masaa 100. Boti inayotoka Sahare jioni kufuata dagaa, ikiunguruma masaa matano kwa usiku, inayamaliza ndani ya siku 20 za kazi.

Na siyo kila oili. Tafuta galoni yenye alama ya FC-W kwa fostroki, TC-W3 kwa tustroki. Oili chafu ya gereji usiitie kabisa, hata ukiichuja kwa kitambaa.

Wenye tustroki nao wana ujanja wao: kupunja oili. Kipimo cha 50 kwa 1 maana yake dumu la lita 25 linataka nusu lita ya oili. Watu wanamimina kwa kukisia, halafu mashine inanoki, yaani inakwama, katikati ya bahari. Tukifungua tunakuta pistoni imechanika mistari mirefu, ringi zimeganda kwenye mifereji yake, na silinda imekwaruzwa kiasi kwamba kucha inakwama ukiipitisha. Pesa ya kichwa na pistoni ingenunua oili ya msimu mzima.

Kinachotuumiza zaidi ni filta ya kutenga maji. Nahodha mmoja wa Moa aliikata akaunganisha hosi moja kwa moja, eti inapunguza mwendo. Petroli yetu inakaa kwenye madumu, madumu yanakaa kwenye boti, maji hayakosi. Kabureta ya tustroki unaifungua hapo hapo ufukweni, unapuliza jeti kwa mdomo, safari inaendelea. Injekta, inayonyunyiza petroli kwenye fostroki hizi mpya, haipulizwi kwa mdomo. Za nahodha huyo zilishika kutu zote, na bei ya mpya akaiita wizi.

Jambo jingine: ukiibeba fostroki kwenye bajaji, ilaze upande ulioandikwa kwenye kitabu chake. Ukiilaza vibaya, oili inapanda kwenye silinda, halafu unakuja kutuambia imegoma kuwaka.

Kuhusu bei yetu ya sevisi, ambayo inasemwa sana vijiweni: ndani yake kuna oili, filta mpya, gasketi ya boliti ya kumwagia, gia oili, na muda wa kukagua impela (pangaboi la pampu ya maji) na zinki (kipande kinacholiwa na kutu badala ya mashine). Gia oili ikitoka nyeupe tunakuonyesha, maana maji yameshaingia na sili imekwisha. Anayekutoza nusu ya bei anaibakiza filta ya zamani. Hatufanyi kazi hiyo, na bei hatushushi.

Sasa ununue ipi? Kama unavua karibu, unabeba mashine begani kwenda nyumbani na fundi yuko mbali, baki na tustroki; ni nyepesi na inasamehe. Kama unakwenda mbali kila siku, fostroki itakuokolea petroli nyingi, ila tenga pesa ya sevisi tangu siku ya kununua. Ukiuziwa mashine ya Evinrude iliyotumika, uliza spea kwanza, kwa kuwa utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2020.

Ukija na malalamiko, njoo na daftari la masaa. Na dumu la petroli ulilotumia mara ya mwisho lilete vile vile, usilimwage.