Kabla hujampa fundi hilo jaketi

Tanga, Juni

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila bibi yako miguu inamsumbua kama kawaida yake. Ujumbe wako nimeupata: zipu imegoma katikati, baridi ya Mbeya imeshaanza, na fundi wa karibu na chuo anasema lazima ing'olewe yote iwekwe mpya. Mwambie asubiri. Zipu nyingi ninazoletewa hapa barazani eti zimekufa huwa hazijafa. Ama kuna kitambaa kimeingia kwenye kichwa, kile kidude unachokipandisha na kukishusha, ama meno yamekauka, ama kichwa chenyewe kimelegea.

Kwanza acha kuvuta. Lilaze jaketi mezani penye mwanga, ulifungue kwa ndani utazame kichwa kimekwama kwenye nini. Jaketi lile nalijua, bitana yake ni laini na imelegea, kwa hiyo nadhani ndiyo iliyomezwa. Watu wakiona hivyo huzidi kusukuma kichwa mbele, na kila wakisukuma bitana inazidi kuingia. Wewe fanya kinyume: shika bitana karibu kabisa na kichwa, uivute kwa ubavu, kuelekea mbali na meno, huku mkono wa pili ukirudisha kichwa kilikotoka, kidogo kidogo. Usichukue mkasi. Ikishatoka, piga mshono wa mkono kuishikiza bitana, nusu sentimita hivi kutoka kwenye meno, la sivyo wiki ijayo utaniandikia tena.

Kama hakuna kitambaa na kichwa bado ni kizito, basi meno yanataka kulainishwa. Zipu ya jaketi lako ni ya nailoni, ile ya uzi mgumu uliojiviringa, nayo inapenda mshumaa. Sugua mshumaa mkavu juu ya meno pande zote mbili, kisha pandisha na shusha kichwa mpaka kiteleze. Huna mshumaa, chukua kipande cha sabuni ya mche, kikavu vilevile. Penseli iache kwa zipu za chuma, kama ya jinzi yako. Ule weusi wake unateleza vizuri sana kwenye chuma lakini unachafua nguo nyeupe. Mafuta ya kupikia usithubutu. Yatalainisha leo, kesho yameshika vumbi, na doa halitoki.

Huku kwetu pwani kuna na la ziada, hewa ya chumvi. Zipu za shaba zinaota ukijani mpaka zinagandana. Hizo nazisugua kwa mswaki wa zamani na maji ya ndimu au siki, nasuuza sana, naanika, halafu ndiyo napitisha mshumaa. Huko Mbeya hutalihitaji hilo, ila ukirudi likizo na begi lako la bluu tutalishughulikia.

Sasa, ikiwa kichwa kinapanda vizuri lakini meno yanaachia nyuma yake, hapo mshumaa hausaidii kitu. Kitazame kichwa: mbele kina midomo miwili, meno ya kulia yanaingia huku na ya kushoto kule, katikati kuna kabari inayoyatenga, na nyuma kuna mdomo mmoja yanapotoka yameshikana. Kadiri kinavyotumika, bati la juu na la chini yanaachana, basi meno yanapita bila kubanwa. Azima plaizi kwa mtu yeyote mwenye pikipiki. Shusha kichwa mpaka chini, ubane ukingo wa nyuma upande wa kulia, kidogo tu, halafu wa kushoto, ujaribu. Bado? Rudia. Usikamue kwa nguvu, maana vichwa vingi ni vya madini ya kumimina, havipindi sana, vinavunjika.

Kikivunjika pia si mwisho wa dunia. Kwenye bati la chini la kichwa mara nyingi huwa kuna namba, 3 au 5 au 8, ndiyo saizi yake. Nipigie picha hiyo namba na meno yenyewe, maana kichwa cha nailoni hakiingii kwenye meno ya plastiki hata namba ikifanana. Kichwa kimoja ni bei ya chini mno ukilinganisha na zipu nzima na ufundi wake. Ukiona herufi YKK, hiyo ni kampuni ya Kijapani aliyoianzisha Tadao Yoshida mwaka 1934; ni vichwa vizuri, ingawa siku hizi na herufi zenyewe zinaigwa. Mimi nikienda kwenye mitumba nageuza zipu kabla ya kutazama rangi ya nguo.

Na kijiti cha chini, kabla hujapandisha kichwa, hakikisha kimezama chote kwenye kisanduku chake. Wewe una haraka, nakujua, unakiingiza nusu na kuanza kuvuta. Utepe ukianza kuchanika hapo kwenye kijiti, paka rangi ya kucha isiyo na rangi, uache ikauke kabisa. Utaazima kwa mwenzako wa chumbani, hawezi kukosa.

Ukiona plaizi inakutia woga, mpelekee fundi yuleyule, umwambie abane kichwa tu, na usimame hapohapo akikibana. Mjomba wako anapita Mbeya mwisho wa mwezi akielekea Tunduma. Nitampa vichwa vya namba 5 viwili, mshumaa na ile achari ya embe uliyoomba.

Mama yako