Shoga, Vichitravirya hakuacha mtoto

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu ni kwako na watoto. Nimekaa kimya mno, najua, na maneno uliyompa Bakari yamenifika yote, hata yale aliyojidai kuyasahau. Tutagombana siku nyingine. Shajara yako ya ukoo wa Mahabharata, ule utenzi wa kale wa Wahindi, imefika, imekunjwa mara nane kama hirizi, na nasikia mchoraji anaanza ubao Ijumaa. Basi usimwache achovye brashi kabla hujaisoma barua hii mpaka chini.

Kazi ni nzuri. Pratipa juu, Janamejaya chini, safu 8, na hesabu ya vizazi umeipata. Lakini kati ya safu ya 3 na ya 4 kuna jambo ambalo likishapakwa rangi tutachekwa na kila anayeijua Mahabharata. Umevuta mstari mmoja mnene kutoka kwa Vichitravirya hadi kwa Dhritarashtra na Pandu, halafu Vyasa ukamtupa pembeni ndani ya kiduara: "mtunzi". Shoga, Vichitravirya hakuacha mtoto. Alioa mabinti wawili wa mfalme wa Kashi, Ambika na Ambalika, akakaa nao miaka 7, kifua kikuu kikamwondoa. Kaka yake Chitrangada alishakufa vitani hajaoa. Bhishma, mkubwa wao kwa baba, alikuwa amekula kiapo cha kutooa na kutodai kiti cha ufalme, na kile kiapo ndicho baba yao, Shantanu, alichomwolea Satyavati, mama yake Vichitravirya na Chitrangada. Nyumba ikabaki na wajane wawili na mzee mmoja aliyejifunga mwenyewe.

Hapo Satyavati akamwita mwanawe wa usichana, Vyasa, aliyemzaa na Parashara kwenye kisiwa cha mto Yamuna kabla ya kuolewa. Vyasa akaingia kwa wajane. Ambika alifumba macho kwa kuogopa sura yake, akamzaa Dhritarashtra, kipofu. Ambalika alipauka kwa hofu, akamzaa Pandu, na jina lenyewe maana yake ni mweupe wa kupauka. Ambika alipotakiwa mara ya pili akamsukumia zamu hiyo mjakazi wake, na huyo ndiye aliyemzaa Vidura. (Mjakazi peke yake ndiye aliyempokea mgeni kwa moyo mkunjufu, na mwanawe ndiye aliyetoka mwenye akili na mwili timamu. Sijui kwa nini hakuna anayeliandika hili kwenye shajara.)

Utaniuliza, sasa mstari wangu ni wa uongo? Si wa uongo, ni nusu. Wenyewe walikuwa na sheria yake, niyoga: mke ni shamba, mwanamume ni mbegu, na mazao ni ya mwenye shamba hata kama mbegu ni ya jirani. Huna haja ya kumwandikia msomaji wetu aya nzima hapo. Mwandikie "kitanda hakizai haramu" chini ya ubao, ataelewa mara moja. Na usilinganishe na kurithi mjane kama alivyotaka Mwalimu, maana mrithi wa mjane hutoka ukoo wa marehemu, na Vyasa na marehemu walichangia mama tu. Kwa baba, Vyasa hakuwa Mkuru, yaani wa ukoo huu wa kifalme, hata kidogo.

Kwa hiyo unahitaji aina mbili za mstari. Mweusi mnene ni kitanda, yaani mtoto anahesabiwa wa nani. Nukta nyekundu ni mbegu, yaani nani alimzaa. Ili isivurugike, panga safu ya 2 kutoka kushoto hivi: Ganga, Shantanu, Satyavati, Parashara. Chini yao watakaa wenyewe bila kukatana: Bhishma chini ya Ganga na Shantanu, Chitrangada na Vichitravirya chini ya Shantanu na Satyavati, Vyasa chini ya Satyavati na Parashara. Wale wanawake watatu waweke katikati ya Vichitravirya na Vyasa, kwa mpangilio wa Ambika, mjakazi, Ambalika. Mweusi unatoka kushoto, nukta zinatoka kulia, watoto wanakaa chini. Vidura apate nukta tu. Hakuwa na kitanda cha mfalme, ndiyo maana hakuingia kwenye hesabu ya kiti. Nukta ziachane upana wa kidole, la sivyo rangi itatambaa na kuonekana mstari mzima, tutakuwa tumerudi pale pale.

Ukishafika kwa Pandu, nukta zinakatika tena. Pandu alilaaniwa asimguse mke, kwa hiyo mkewe Kunti aliwaita miungu: Dharma akampa Yudhishthira, Vayu akampa Bhima, Indra akampa Arjuna. Mke mwenza, Madri, aliwapata mapacha, Nakula na Sahadeva, kwa Ashvini wawili, miungu mapacha. Mweusi kwa Pandu wote watano, nukta kwa miungu. Arjuna mweke mwisho kabisa upande wa kulia, maana Subhadra atamjia kutoka huko, na ukimweka katikati mstari wa ndoa utawapitia kaka zake vichwani. Ulivyomweka wewe ndivyo ilivyotokea.

Hapa sasa ndipo utamu ulipo, nivumilie. Fuata nukta peke yake, sahau mweusi. Kunti ni binti wa Shura wa ukoo wa Wayadava. Kuntibhoja alimlea tu. Vasudeva, baba yake Krishna na Subhadra, ni kaka yake Kunti. Arjuna basi alioa binti wa mjomba wake. Mwana wao Abhimanyu ni Myadava kwa mama na kwa bibi mzaa baba, na mwanawe Abhimanyu kwa Uttara wa Matsya ndiye Parikshit, aliyekalia kiti baada ya Yudhishthira. Na hawa Wayadava ni wa nani? Ni wa Yadu, mwana mkubwa wa Yayati, aliyenyimwa kiti kwa sababu alikataa kumpa baba yake ujana na kuchukua uzee wake. Mdogo wao Puru alikubali, akapewa ufalme, na kwake ndiko walikotoka Bharata, Kuru na hao wote. Damu iliyofukuzwa mlangoni ikarudi kupitia kwa mabibi harusi. Kwenye mstari mweusi huoni kitu, kila kitu kimenyooka. Ndiyo maana nakung'ang'ania na hizi nukta, wala si ubishi wangu wa kawaida.

Kwa hiyo juu ya Pratipa weka kisanduku cha Yayati na wake wenza wake: Devayani aliyemzaa Yadu na Turvasu, Sharmishtha aliyewazaa Druhyu, Anu na Puru. Kati ya Puru na Pratipa chora alama ya kukatika, na usiandike idadi ya vizazi. Adi Parva, kitabu cha kwanza cha Mahabharata, ina orodha mbili, moja ya mashairi na moja ya nathari, na hazikubaliani. Katika toleo la Pune, lile la Bhandarkar Oriental Research Institute la 1919 hadi 1966, ni sura ya 89 na ya 90. Kwenye chapa za zamani ni 94 na 95. Wewe umechanganya zote mbili, ndiyo maana ulipata Parikshit wawili ukadhani umekosea ukafuta mmoja. Hukukosea. Kuna Parikshit wa zamani, yuko juu ya Pratipa, na Janamejaya wa zamani pia, hata Bhimasena. Majina ya nyumba ile yanarudi kama ya kwetu, babu kwa mjukuu.

Halafu umemsahau Bahlika! Pratipa alikuwa na watoto watatu: Devapi, Shantanu, Bahlika. Devapi alikuwa na ugonjwa wa ngozi, watu hawakumtaka, akaenda msituni. Bahlika alimzaa Somadatta, Somadatta akamzaa Bhurishravas. Ukiondoa Bhishma, hawa ndio mbegu ya Pratipa ya kweli iliyofika Kurukshetra, uwanja wa ile vita kuu, na wote watatu walikufa huko upande wa Duryodhana, mwana mkubwa wa Dhritarashtra. Wenye damu walikufa wakimpigania mwenye kitanda. Waweke kushoto kabisa, nafasi ipo.

Mambo madogo madogo sasa, mbio mbio. Bharata wa shajara hii ni mwana wa Dushyanta na Shakuntala. Yule uliyemwunganisha na Dasharatha ni nduguye Rama, wa Ramayana, ukoo wa jua. Huku tuko ukoo wa mwezi. Futa. Usiandike "Kaurava" upande mmoja na "Pandava" upande wa pili kama makabila mawili. Pandava, wana wa Pandu, nao ni uzao wa Kuru. Andika "wana wa Dhritarashtra" ukawaacha wapumue.

Majina mapacha yatakusumbua kwa sababu maandishi yetu hayaonyeshi a ndefu. Chitrangada wako watatu: kaka yake Vichitravirya, yule gandharva, mwimbaji wa mbinguni, mwenye jina hilo hilo aliyemuua, na mke mmojawapo wa Arjuna, mama yake Babhruvahana. Duhshala yuko kaka na yuko dada. Dada, mke wa Jayadratha wa Sindhu, ndiye wa kuandikwa. Krishna ndio usiseme: yuko wa Wayadava, Vyasa mwenyewe ni Krishna Dvaipayana, na Draupadi, mke wa Pandava wote watano, naye huitwa Krishna. Weka "(m)" na "(k)" kwa mwanamume na mwanamke, yatosha.

Wale wana 100 wa Dhritarashtra usiwaandike wote, nakuomba. Mama yao Gandhari alibeba mimba miaka 2, akatoa donge gumu kama tufe la chuma. Likanyunyiziwa maji likagawanyika vipande 101, kila kimoja kama pingili ya kidole gumba, vikawekwa kwenye vyungu vya samli. Andika Duryodhana, Duhshasana, Vikarna, "na wengine 97", kisha Duhshala (k). Yuyutsu ni wa mama mwingine, Mvaishya, wa tabaka la wafanyabiashara, mpe mstari wake. Na wana watano wa Draupadi, mmoja kwa kila mume: Prativindhya, Sutasoma, Shatanika hao hawana tabu, ila wa Arjuna na wa Sahadeva majina yao hubadilika kutoka sura hadi sura, Shrutakirti, Shrutakarman, Shrutasena. Chagua sura moja uishike. Hawakufika mbali, maskini. Ashvatthaman, wa upande wa Duryodhana, aliwamaliza usiku mmoja.

Narudi kwa Karna, maana umemchora kwa Adhiratha na Radha peke yao. Hao walimlea, wape mstari wa mawimbi. Nukta zitoke kwa Surya, mungu wa jua, na Kunti, aanze yeye kabla ya Yudhishthira. Na mweusi? Krishna alipomwendea Karna kabla ya vita alimwambia wazi kuwa mtoto wa usichana, kanina, huhesabiwa wa yule atakayemwoa mama yake. Kwa sheria hiyo Karna ni mwana wa Pandu, wa kwanza, mwenye kiti. Sasa fikiri, shoga: Vyasa naye si mtoto wa usichana wa Satyavati? Na Satyavati si aliolewa na Shantanu? Ukiivuta kanuni hiyo hiyo mpaka juu, Vyasa anakuwa wa Shantanu, na ule mstari wako mnene... Niishie hapo, maana likiingia ubaoni mchoraji atatuachia brashi.

Ila Vyasa lazima atoke kwenye kile kiduara. Yuko safu ya 3, na Janamejaya aliposimuliwa yote haya na Vaishampayana, mwanafunzi wa Vyasa, kwenye kafara ya nyoka, safu ya 8, Vyasa alikuwepo barazani. Hesabu mwenyewe, kwa mbegu hadi Pandu, kisha kwa kitanda: mwana Pandu, mjukuu Arjuna, kitukuu Abhimanyu, kilembwe Parikshit, kilembwekeza Janamejaya. Mzee ameketi, anasikiliza kilembwekeza akiambiwa alivyoingia chumbani kwa Ambika.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa mdomo wa Bakari. Ubao una upana gani, na umelazwa au umesimamishwa? Ukisimamishwa safu ya 5 haitaenea, nakwambia mapema. Majina mtaacha na a ya mwisho, Arjuna, au mtakata kama wasemavyo Wahindi wa mjini, Arjun? Kwenye usomaji wenu, nani anamsoma Satyavati, bado Rukia? Na yule mjakazi mmempa maneno, au anapita tu na taa? Rangi nyekundu ipo ya kutosha, au nimpe Bakari kopo akirudi Alhamisi?

Wako,
Mwanaidi