Wanangu, ulizeni hayo makato ni ya nini

Kwenu vijana mlioanza kupokea mshahara,

Hamjambo wanangu. Ndani ya miezi miwili wamenijia vijana wanne, kila mmoja na simu mkononi, wakinionyesha mstari uleule kwenye akaunti zao: ada ya uendeshaji. Nikiwauliza wanalipia nini hapo, wananijibu, "Bibi, benki ndivyo zilivyo." Jibu hilo limeninyima usingizi, na ndiyo maana nawaandikia nyote.

Benki sivyo zilivyo. Ada ya mwezi ni bei ya akaunti ya aina fulani, na mara nyingi imefungwa kwenye sharti. Ukilijua sharti unaweza kulitimiza, na ukiona huliwezi, unaweza kuhama. Asiyeuliza hukatwa mwaka hadi mwaka, kwa sababu ni nadra benki kumpigia mteja simu kumwambia kwamba ipo akaunti nafuu kuliko yake.

Nayajua haya kwa kuumia. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wanawake. Siku ya kufungua akaunti, karani alitujazia fomu ya akaunti ya biashara, nasi watatu tukatia sahihi bila kufunua ukurasa wa pili. Baadaye kikundi kilisimama kuchanga. Nikaona sina haja ya kuchukua taarifa ya akaunti, maana hakuna aliyeweka wala aliyetoa. Nilipokuja kuichukua, miezi 14 ilikuwa imepita, na kwenye karatasi kulikuwa na mistari 14 iliyofuatana, kila mmoja una tarehe ya mwisho wa mwezi, kiasi ni kilekile, na salio linashuka ngazi kwa ngazi. Niliihesabu kwa kidole mbele ya wenzangu. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniuma kuliko lawama.

Nikaenda kwa meneja wa tawi, nikamuuliza kama hawana akaunti ya vikundi isiyo na ada. Ilikuwepo. Ilikuwepo tangu siku tuliyotia sahihi! Akatuhamishia humo, na nilipoomba turudishiwe makato, alikubali kurudisha ya miezi mitatu. Ya miezi 11 yalikwenda hivyo. Kumbe kuomba kurudishiwa si utovu wa adabu, wanangu. Ombeni. Mtu wa benki mara nyingi ana ruhusa ya kurudisha makato ya karibuni, lakini hatairudisha hata senti kwa mteja aliyenyamaza.

Najua wengine mnasema ni pesa kidogo. Hebu tuhesabu. Tuseme ada ni 1 kwa mwezi na wewe una 100 kwenye akaunti. Kwa mwaka zimeondoka 12, yaani asilimia 12 ya ulichoweka, na akaunti ya matumizi ya kila siku, hata ikitoa riba, ni vigumu ikafidia pengo hilo. Mwenye 10,000 naye anakatwa 1 ileile, hata haioni. Ada ya namna hii humwelemea zaidi mwenye kidogo, na wenye kidogo ndio ninyi mnaoanza.

Sasa sharti lenyewe. Mara nyingi ni salio la chini: ukibakiza kiasi fulani, hukatwi. Wengi wanajikwaa hapa, kwa sababu neno hilo lina maana mbili. Benki moja inaangalia siku ambayo salio lilishuka kuliko siku zote za mwezi. Nyingine inachukua wastani wa salio la kila siku. Chukueni mfano wa sharti la 1,000. Siku 29 una 5,000, siku ya 30 unalipa kodi ya nyumba na salio linabaki 900, kesho yake mshahara unaingia. Kwa hesabu ya wastani una zaidi ya 4,800, umepona. Kwa hesabu ya siku ya chini umekatwa ada ya mwezi mzima kwa sababu ya siku moja. Kijana mmoja kati ya wale wanne ndivyo alivyokuwa akikatwa. Tulichofanya ni kusogeza tarehe ya agizo lake la kudumu la kodi, yaani amri aliyoipa benki ilipe kodi yenyewe kila mwezi, ikatoka siku mbili baada ya mshahara badala ya siku moja kabla, na mwezi uliofuata mstari ule haukutokea.

Lakini msikope ili kufikisha salio la chini. Wala msifungie humo fedha ya dharura ambayo mtaihitaji kesho. Na kama kiwango chenyewe ni kikubwa, jiulizeni fedha hiyo ingezaa nini mahali pengine penye riba kabla ya kuiacha imelala kwa ajili ya kukwepa ada.

Sharti jingine ni mshahara kupitia kwenye akaunti. Ulizeni benki inatambua nini kuwa mshahara, maana zipo zinazotaka fedha itoke kwa mwajiri na ifike kiwango fulani. Kwa benki hizo, ukijitumia mwenyewe kutoka akaunti yako nyingine haihesabiki. Ninyi mnaofanya kazi za vibarua, ambao mwezi mmoja mnalipwa na mwingine hamlipwi, sharti hili msilitegemee. Tafuteni akaunti isiyo na sharti kabisa.

Akaunti hizo zipo, tena mahali pengine ni haki ya kisheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo mwaka 2014 unaompa kila mkazi halali haki ya akaunti ya msingi, ama bure ama kwa ada ya kadiri, na kuzitaka benki zimpe mteja karatasi ya ada iliyoandikwa kwa mpangilio mmoja ili aweze kuzilinganisha. Nchini India, Benki Kuu iliagiza mwaka 2012 kwamba benki ziwe na akaunti ya msingi ya akiba isiyodai salio la chini. Brazil ina huduma za lazima ambazo benki haziruhusiwi kutoza, zikiwemo kutoa fedha mara nne kwa mwezi. Kwa hiyo mkifika dirishani msiulize tu, "Mna akaunti gani?" Mtaonyeshwa ile yenye kadi ya kung'aa na bima za safari. Ulizeni, "Akaunti yenu ya msingi kabisa ni ipi, na ada zake zote ziko wapi kwa maandishi?" Bima mnazofungashiwa kwenye akaunti ya ada kubwa, kama hamsafiri, mnalipia hewa.

Hata hivyo, neno "bure" lisiwapumbaze. Akaunti isiyo na ada ya mwezi inaweza kukutoza kila unapotoa fedha. Chukua taarifa za miezi mitatu, kaa na kalamu, hesabu umetoa mara ngapi kwenye ATM na umetuma mara ngapi. Kama ada ya mwezi ni 30 na kutoa ni bure, huku kwingine hakuna ada lakini kila kutoa ni 5, basi anayetoa mara nne kwa mwezi analipa 20 na afadhali ahame. Anayetoa mara nane analipa 40, na huyo abaki alipo, au ajifunze kutoa mara chache kwa kiasi kikubwa zaidi. Sikatai mtu kulipa ada akiwa amehesabu.

Mliomaliza masomo hivi karibuni, hili ni lenu. Akaunti ya mwanafunzi hubadilishwa kuwa ya kawaida ukifikisha umri fulani au masomo yakiisha, na taarifa yake huja kwa ujumbe mfupi ambao hakuna anayeusoma. Ulizeni tarehe hiyo leo.

Na mkiamua kuhama, msiitelekeze ile ya zamani kama nilivyotelekeza mimi ya kikundi. Hamisheni kwanza mshahara, kisha maagizo ya kudumu, muache fedha kidogo humo mwezi mmoja hivi ili malipo yaliyosahaulika yasigonge salio tupu. Halafu nendeni mkaifunge kwa maandishi, mpewe barua ya kufungwa, na kadi mkaikate kabla hamjatoka mlangoni. Barua hiyo itunzeni. Anayetaka tukae naye tupitie taarifa ya akaunti yake mstari kwa mstari, aje nayo imechapishwa, herufi za kwenye simu macho yangu hayaziwezi tena.

Ni mimi bibi yenu.