Kaburi la kijana wako liache lilivyo

Rafiki yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Muswada wa riwaya yako ya vijana umefika na nimeusoma wote. Umeniuliza kwa nini wasomaji wako wa kwanza walipoa kuanzia sura ya 22, pale Zuhura, msichana wako wa mwaka 2012, anaporudi mwaka 1874 na kumvuta kijana anayempenda kutoka baharini. Umehisi kwamba mapenzi yao hayakukolea. Yamekolea sana. Kinachovuja ni sheria ya wakati, na mapenzi ya hadithi ya namna hii hujengwa juu ya sheria hiyo. Ikivuja, msomaji haamini tena kwamba kuna kitu cha kupoteza.

Mfikirie msomaji wa miaka 15 aliyefika hapo. Kwa sura 21 ameambiwa kijana huyu ni mzimu, alizama tarehe 9 Desemba 1874, na jiwe la kaburi lake liko juu ya kilima. Sasa Zuhura anamwokoa. Basi hakufa. Kama hakufa, hakuna mzimu. Kama hakuna mzimu, nani aliyemwonyesha Zuhura mlango wa kurudi 1874? Msomaji huyo atauliza hivyo kabla hajafungua ukurasa unaofuata. Jibu lako la sura ya 23, kwamba upendo una nguvu kuliko wakati, halimjibu kitu. Lifute popote lilipo. Nimelikuta mara nne.

Una njia tatu za kuchagua. Ya kwanza, yaliyopita hubadilika: ukigusa jana, leo inageuka. Ya pili, kila badiliko huzaa ulimwengu mwingine pembeni. Ya tatu, yaliyopita hayabadiliki hata kidogo. Msafiri akienda huko, ujio wake ulikuwa tayari ni sehemu ya yaliyotokea. Hii ya tatu ndiyo aliyoipa sura ya kanuni mwanafizikia wa Urusi, Igor Novikov. Kwa riwaya ya mapenzi naiona ya pili kuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu Zuhura akimwokoa kijana katika ulimwengu wa pembeni, yule aliyempenda bado amekufa kule alikotoka, na anayemkumbatia ni mtu mwingine mwenye sura ileile. Ya kwanza itakulazimu ueleze kila kilichogeuka, na nafasi huna: riwaya ya vijana kwa kawaida huwa na maneno 60,000 hadi 90,000, na wewe uko 84,000. Chagua ya tatu. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na msichana wa miaka 17 anayelijua hilo na bado anaingia mlangoni ndiye ninayetaka kumfuata.

Waandishi wengi huikimbia sheria hii wakidhani inamhukumu kijana afe. Haimhukumu. Kisichoweza kubadilika ni ushahidi uliobaki hadi mwaka 2012. Maana ya ushahidi huo inaweza kupinduka juu chini. Jiwe lipo kilimani, kwa hiyo lazima mtu alichonge na kulisimamisha. Lakini nani kasema kuna mwili chini yake? Umeandika jiweni neno "alizama". Liandike "alipotea", basi. Wanakijiji walikuta viatu vyake ufukweni, wakangoja siku kadhaa, wakaweka jiwe. Hakuna aliyesema uongo, na Zuhura hahitaji kubadilisha hata herufi moja.

Ukilikubali hilo, pitia kila kitu cha ajabu ulichoweka mwanzoni mwa kitabu na ukipe maana mbili: ile anayoiona Zuhura kwanza, na ile ya kweli. Nimeona viwili vinavyokupa utajiri mkubwa.

Cha kwanza ni ile picha ya ukutani yenye msichana anayeonekana ukuta kupitia mwili wake. Umeiacha iwe uchawi tu, na ni hasara. Mwaka 1874 wapiga picha wengi walikuwa bado wanatumia bamba la kioo lililopakwa kolodioni, kimiminika chenye kunata, na kuchovywa kwenye dawa ya fedha. Bamba lilipaswa kupigwa na kuoshwa likiwa bado bichi, kama dakika 10 au 15 hivi, kabla dawa haijakauka. Kivulini kamera ilikaa wazi sekunde nyingi. Mtu akisimama mbele yake nusu ya muda huo kisha akaondoka, bamba linapokea nusu ya sura yake na nusu ya ukuta uliokuwa nyuma yake. Anatoka kama moshi. Kwa hiyo mpiga picha anamwambia Zuhura asitikisike, Zuhura anasimama, anahesabu moyoni, na kwenye sekunde ya sita anamsikia kijana akiita ufukweni, anakimbia. Mzimu wa ukutani ni yeye mwenyewe.

Kuna kingine ndani ya bamba hilo. Dawa ile iliona vizuri mwanga wa buluu tu. Rangi ya buluu ilitoka nyeupe, na nyekundu ikatoka nyeusi. Katika sura ya 3 watu wa nyumba ile wanamwogopa "binti wa nguo nyeusi". Mvalishe Zuhura gauni jekundu siku hiyo, na usimweleze msomaji lolote hadi bamba litoke kwenye dawa mbele ya macho yake.

Cha pili ni saa ya mfukoni. Zuhura anaikuta sandukuni mwaka 2012, anampelekea kijana mwaka 1874, kijana anaiweka sandukuni. Nani aliitengeneza? Hakuna. Wanafizikia Andrei Lossev na Novikov waliandika mwaka 1992 juu ya vitu vya namna hii, na kila kimoja wakakiita jini. Tatizo la jini lako ni kuchakaa: kila mzunguko saa inazeeka miaka 137 na nusu, lakini inapofika sandukuni inatakiwa iwe sawasawa na mara iliyopita, mikwaruzo yote mahali pake. Haiwezekani. Habari, kama wimbo au ahadi, inaweza kuzunguka bila kuchakaa. Chuma hakiwezi.

Dawa yake ni ndogo. Saa inanunuliwa mpya mwaka 1874 na kijana mwenyewe. Zuhura anapofika na ile kuukuu, zinakuwa saa mbili juu ya meza moja: moja inang'aa, nyingine kioo chake kimepata ukungu, na kwenye mfuniko wake kuna mkwaruzo mrefu ambao mpya haina. Wote wawili wanautazama mfuniko safi wakijua utakwaruzwa, hawajui na nini. Kuukuu inaishia baharini, mpya inaingia sandukuni, hesabu inafungwa. Mkwaruzo upange utokee katika tukio wanalopendana zaidi kitabuni.

Sasa mlango. Kuufungua wakati sayari ya Zuhura inapopita mbele ya Jua, na kumpa msichana jina la sayari hiyo, ni wazo zuri kuliko yote uliyonayo, na hujalitumia hata nusu. Mapito hayo huja mawili mawili, miaka 8 kati yake, kisha kimya cha zaidi ya miaka 100: 9 Desemba 1874 na 6 Desemba 1882, halafu 8 Juni 2004 na 6 Juni 2012, na baada ya hapo hadi Desemba 2117. Mlango ukifungwa mwaka 2012, hakuna aliye hai kitabuni mwako atakayevuka tena. Sema hilo mapema, sura ya 5 isipite. (Tarehe za 1874, 1882 na 2012 zote zilikuwa Jumatano. Usiliache bila kulitumia.)

Lakini mapito yakikupa tarehe yanakupa pia hesabu ya umri, na hapo umeteleza. Kijana ana miaka 18 mwaka 1874. Katika sura ya 9 unampeleka Zuhura mwaka 1882. Huko kijana ana miaka 26, na Zuhura bado ana 17. Ondoa safari hiyo yote. Vilevile ondoa pale mzimu unaposema amekuwa akimtazama tangu mapito ya 2004: wakati ule Zuhura alikuwa na miaka 9. Najua ulitaka ionekane kuwa subira ya mapenzi. Msomaji wa kike ataona mtu mzima anayemvizia mtoto usingizini, na atakuwa amesoma sawasawa. Mzimu aliyekaa macho miaka 137 ni mzee mwenye uso wa kijana, na hakuna maneno matamu yatakayolificha hilo.

Nadhani mlango wenyewe umekuachia jibu. Mapito hayalingani urefu. Lile la 1874 lilichukua kama dakika 277 kutoka mwanzo hadi mwisho. La 2012 kama dakika 400. Ukizianzisha pamoja, upande wa 1874 unajifunga huku upande wa pili zikiwa zimebaki dakika 123. Atakayeingia ndani ya dakika hizo kutoka mwaka 2012 hakuti pa kutokea. Anakwama katikati mpaka dakika ya 400, kisha anarudishwa alikoingilia.

Hapo ndipo mzimu wako anapotoka. Kijana hakufa. Alivuka na Zuhura hadi mwaka 2012, akamkumbuka mdogo wake aliyemwacha ufukweni (unaye tayari, sura ya 17), akakimbia kurudi, akachelewa. Dakika zake 123 za kukwama ndizo zinazochirizika nyuma, vipande vipande, katika wiki zilizotangulia mapito, na kila kipande Zuhura anakiona kama mzimu. Kwake yeye kijana, yote ni muda mfupi kuliko alasiri moja. Umri wake hausogei. Jiwe la kaburi linasema kweli.

Faida nyingine ni kwamba una bajeti. Mzimu hawezi kuonekana zaidi ya dakika 123 kwa jumla katika kitabu kizima. Sasa anaongea usiku kucha katika sura ya 6, 8, 11 na 12, ndiyo maana kutokea kwake kumekuwa kama mtu kupita dukani. Mpe mara 15 au 16. Nyingine sekunde chache, moja tu ifike dakika 25. Andika muda wa kila moja pembeni na ujumlishe.

Angalia pia nani anajua nini. Mwaka 2012 mzimu anamjua Zuhura na yeye hamjui. Mwaka 1874 ni kinyume chake. Anayejua ana nguvu juu ya asiyejua, na ukizembea, penzi linakuwa mtego. Sentensi ya mzimu "tutapendana, nimeshaona" inamnyang'anya msichana uamuzi wake. Mnyamazishe. Halafu Zuhura akifika 1874, asitumie hata siri moja aliyoisikia kwa mzimu kumfurahisha kijana. Mpe jaribu hilo waziwazi, alishinde, na kijana ampende kwa jambo ambalo hakuna kati yao aliyelijua kabla, mathalani anavyobishana na mpiga picha.

Ili haya yote yasikuponyoke, chora jedwali kabla ya kugusa sura yoyote. Safu tano: tarehe ya dunia, muda aliokwisha kuishi Zuhura tangu sura ya 1, kwa siku na saa, muda aliokwisha kuishi kijana, anachokijua kila mmoja, na hali ya miili na vitu, yaani jeraha, urefu wa nywele, saa ipi iko mfuko wa nani. Safu ya mwisho ndiyo inayokamata makosa. Ndiyo iliyonionyesha kwamba kidole cha kijana kimefungwa kitambaa katika sura ya 8 na anajikata katika sura ya 19, jambo ambalo kwa mpango huu mpya limekuwa sahihi kabisa, ila kitambaa kiwe kilekile.

Madogo madogo: simu ya Zuhura mwaka 1874 ni tochi na kamera tu, haina mtandao wala setilaiti ya kumwelekeza njia. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, kwa hiyo jeraha la msumari ni jambo la kuogopwa kweli. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980 na Zuhura amezaliwa 1995, hana chanjo yake. Viberiti vilikuwepo, usimfanye kijana ashangae kuona moto. Na kisiwa chako ni cha kubuni, lakini jua lake si la kubuni: kiweke mahali palipokuwa mchana katika mapito yote mawili. Japani na mashariki mwa Australia ziliyaona yote mawili mwanzo hadi mwisho, basi kisogeze upande huo wa Pasifiki.

Anza na sura ya 1. Ningevipanga vile vipande vya mzimu kinyumenyume: anachokiona Zuhura kwanza ndicho cha mwisho kwa kijana, na atakachokiona mwisho, akipiga kelele na kugonga hewa, ndiyo dakika yake ya kwanza ya kukwama. Kwa hiyo katika ukurasa wa kwanza kijana yuko mlangoni pa kutokea, amechoka, ananyoosha mkono akiamini Zuhura ataushika. Zuhura anarudi nyuma hatua mbili na kuwasha taa. Iandike kwa sekunde nne, bila neno lolote la kueleza, kisha uniletee pamoja na jedwali.

Wako daima katika kazi hii,
Rafiki yako