Mbaruku, naomba umpigie Salim

Mbaruku sheikh wangu,

Asalaam aleikum. Za huko Tanga, za mama, mguu wake vipi sasa? Huku wazima, baridi tu ndo imeanza kutunyoosha, asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kama nakuna nazi. Najua nimekaa kimya, na wewe umekaa kimya, basi tumetoka sare tusihesabiane. Nimeamua kuandika mana haya mambo kwa voice note hayatoshi, alafu mke wangu akinisikia nayaongea tena atanitoa nje nikalale garini.

Ni Salim. Tena.

Kama ameshakupigia basi ushaambiwa kwamba Athumani siku hizi mzungu, ndugu yake kamuomba vinamba tu vya kwenye leseni kakataa. Ni kweli nimekataa. Ila sikiliza ni namba za nini alafu uniambie.

Huku Wisconsin, jimbo letu la Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ni siku tisa tu, unaanza Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani ya Novemba, na hizo siku tisa ni kama sikukuu, zaidi ya watu laki tano wanaingia porini wamevaa rangi ya machungwa ile ya kuwaka, sheria inataka angalau nusu ya nguo za juu kuanzia kiunoni iwe rangi hiyo au ya waridi ya kuwaka, na kofia ukivaa hivyo hivyo, ili usipigwe wewe badala ya mnyama. Ukilipia leseni unapata tegi moja ya dume, yani ruhusa yenye namba ya kuua mnyama mmoja. Moja, jimbo zima. Na za majike unapewa kutegemea na wilaya, upande wetu huu wa kusini wanazitoa kwa ukarimu kabisa mana kulungu wamejaa, wanakula mahindi ya wakulima, usiku wanagongwa na magari. Yani ukishaua dume lako, mengine yote yakipita unayapungia mkono.

Salim Jumamosi kaua dume dogo, halina hata pembe za maana. Sawa, halali yake. Jumapili asubuhi yuko kwenye ulingo, likatoka dume lenyewe sasa, pembe matawi kumi, akalipiga. Tegi hana. Jumatatu saa tisa mchana mimi nimelala nimetoka shifti, simu hiyo: "Athu, nitumie namba za tegi lako la dume fasta, mwisho saa kumi na moja." Mana mnyama lazima umsajili kwa simu au kwenye mtandao kabla ya saa kumi na moja jioni ya kesho yake. Yani anataka jimbo liandikiwe kwamba kulungu yule nimemuua mimi. Mbaruku, ile Jumapili asubuhi mimi nilikuwa kazini nawageuza wazee wa watu vitandani, na mashine ya kazini ina saa niliyoingia na saa niliyotoka!

Anachojitetea ni kwamba huku watu wakiwinda kikundi mmoja anaruhusiwa kuua kwa tegi la mwenzake. Kweli sheria hiyo ipo. Lakini lazima muwe wote porini mnawinda, na wakati mnyama anapigwa muwe mnaonana kwa macho au mnasikizana kwa sauti, na wameandika kabisa kwamba simu na redio hazihesabiki, kifaa kinachokubalika ni kile cha kusaidia masikio ya kiziwi peke yake. Nikamwambia hivyo. Unajua kanijibu nini? "Si tulikuwa tunachat." Wallahi nilicheka, hasira zote.

Zamani ulikuwa unafunga karatasi ya tegi kwenye mnyama, bwana nyama akikukuta njiani anaiona hapo hapo. Tangu 2017 wameondoa hiyo, sasa ni namba tu, unajisajili mwenyewe, hakuna mtu anasimama juu yako. Salim anasema ndo mana haina shida, nani atajua. Mimi naona ndo mana ina shida.

Na usije ukaniambia nyama ni nyama, mtu ana watoto. Tegi za majike alikuwa nazo mfukoni! Na majike yalipita, kanihadithia mwenyewe, akayaacha kwa sababu anataka kichwa cha ukutani. Hapo hakuna njaa.

Alafu shamba lenyewe ni la mzee Don. Unamkumbuka, yule fundi wa boila wa kazini kwetu aliyekusalimia siku ile kwenye video ukamjibu shikamoo. Mimi ndo nilimpeleka Salim pale. Don ndo kanifundisha yote haya mpaka nikaenda kufanya ile kozi ya usalama wa wawindaji, na ana misimamo utasema imamu: mnyama akikupa kifua au makalio usipige, subiri ageuze ubavu, lenga nyuma ya bega kidogo pale penye moyo na mapafu. Ukishapiga usikimbilie, kaa nusu saa, ukimfuata mapema anajikaza anakwenda kufa mbali na hutamuona. Giza likiingia shusha bunduki hata kama anasimama mbele yako anakucheka. Ukipanda ulingoni jifunge mkanda, watu wengi wanaumia kwa kuanguka kuliko kwa risasi. Na risasi zake ni za shaba, anasema ile ya madini ya risasi inapasuka vipande vidogo vidogo vya sumu vinabaki kwenye nyama wanaokuja kula wajukuu. Hajawahi kuniuliza dini yangu ila siku ya kwanza nilivyosema Bismillah kwa sauti kabla ya kufyatua alivua kofia. Maalim Bakari kanihakikishia kwamba ukitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua na mnyama akafa kwa jeraha ni halali, ukimkuta hai umchinje, ila akifia majini umuache. Kwa hiyo kisu nakuwa nacho kiunoni tayari na Don anajua cha nini.

Sasa Don Jumapili ile alisikia mlio. Kaniuliza tu, "Rafiki yako kapata jike?" Nikasema sijaongea nae. Tangu siku hiyo chakula cha mchana nakula garini.

Ningekuwa nakuandikia kulalamika tu ningeishia hapo. Kinachonikosesha usingizi kiko mbele. Kuna ugonjwa wa kulungu huku, unawakondesha mpaka wanakufa, Wisconsin uligunduliwa 2002 huko huko magharibi ya Madison tunakowinda. Si kijidudu cha kufa kwa moto, hata uchemshe mpaka kesho. Mpaka sasa haijathibitika kwamba umewahi kumpata binadamu, lakini wakubwa wa afya wanasema mnyama akipimwa akaonekana anao asiliwe. Kupima ni bure, unapeleka kichwa kwenye maboksi yao, unasubiri majibu, mimi nyama inakaa kwenye friza haiguswi mpaka majibu yatoke. Sasa fomu ya kupimia inataka maelezo ya mnyama na ya tegi. Unaona alivyojifungia mlango? Lile dume halina tegi kwa hiyo halipimiki, na hata lingepimika kichwa anakitaka ukutani. Na nyama ameshaanza kuigawa! Kwa mama Zuu imefika, kwa wale vijana wa Kigoma imefika, watoto wanakula.

Na si kugawa tu bwana, anapokea "mchango wa risasi". Dola ishirini, dola thelathini. Wewe unajua kwetu siku hizi bucha za nyamapori zinaruhusiwa, kanuni zilitoka 2020, unanunua kilo yako na risiti. Huku ukiuza nyama uliyoiwinda ni kosa hata umuuzie jirani, mpe bure au kula mwenyewe. Waliona cha moto, karne ya 19 watu waliwinda kwa ajili ya soko mpaka hawa kulungu wa mkia mweupe wakabaki kama nusu milioni nchi nzima, ndo wakapiga marufuku biashara, wakaweka misimu, leo wanakadiriwa kama milioni 30. Sasa mtu wa Chuda, Tanga hapo hapo, anakuja kuanzisha bucha kwenye gereji!

Ingekuwa mashindano ni ya vifaa tu angeshinda. Ana kamera ya mtini inayotuma picha kwenye simu, darubini ya bei kuliko gari langu, mahindi alitaka kumwaga kama chambo nikamwambia wilaya hizi zenye ugonjwa ni marufuku, akanuna. Alafu kanunua mkojo wa kulungu jike. Ndio, mkojo, kwenye chupa, dukani, una bei, eti unavuta madume. Ukammwagikia kwenye suruali asubuhi, adhuhuri imeingia anauliza hapa sala vipi. Nikamwambia muulize aliyekuuzia.

Namcheka lakini nampenda yule mjinga, ndo tabu yenyewe. Kuna simu ya kuripoti, hata jina hutaji. Nimeshaishika simu nikaiweka. Bwana nyama akimfikia kwa njia hiyo ni faini, na leseni anaweza kunyimwa miaka, na ukinyimwa jimbo hili karibu majimbo yote yamekubaliana wanakunyima pia. Na fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa na askari. Salim anatarajia kuijaza mwakani. Mimi nimeshaijaza, yangu iko kwao, sasa hizo namba zangu angezitumia ningekuwa wapi?

Don ana usemi wake kuhusu watu wanaokwenda kujisema wenyewe, anadai mabwana nyama wengi wanawachukulia tofauti na yule waliyemfuata. Hilo ndo nataka. Apige mwenyewe, aseme nimeua dume la pili, nyama hii, kichwa hiki, kipimeni. Pembe atazikosa, akae bila pembe. Na wale aliowapa nyama awaambie leo wasile kwanza. Hili la nyama haliwezi kungoja, mama Zuu nimeshamwambia mimi, wale wa Kigoma hawapokei simu yangu mana Salim kashawajaza maneno.

Mimi hanisikii tena. Wewe anakusikia, tangu ile habari ya baiskeli ya mzee Kombo wewe ndo pekee anayekuogopa. Usimwambie nimekutuma, au mwambie, atajua tu.

Je, utampigia lini? Saa zenu za usiku ndo yeye anakuwa mapumziko. Akikuuliza kwani kosa langu nini utamjibu vipi, utaweza kumueleza ile ya kuonana kwa macho bila kucheka? Na akikataa kabisa, unaona niripoti? Au nianze na Don, nimwambie kabla hajajua kwingine? Wewe ungekuwa mimi ungekula wapi chakula cha mchana? Alafu ile hela ya kiwanja cha Pongwe ilifika yote au yule bwana kakata tena? Coastal Union Jumamosi mpira umekuwaje, mana huku nimeona matokeo mawili tofauti? Na hukunijibu kuhusu mguu wa mama, wamesema wataupiga picha au bado?

Nijibu kabla ya Ijumaa, Ijumaa nina shifti moja na Don.

Wako,
Athumani

Nb: Hamida anasema dagaa ulizomtumia kwa yule kijana zilifika nusu. Mimi sijasema kitu.